Sanduku la Mora Devora

Njoroge alinipigia simu nikiwa nakata kucha za miguu, kazi ambayo kwa umri wangu huu hula asubuhi nzima, maana mguu uko mbali na mkono unatetemeka. "Mzee, umekaa?" akauliza. Nikamwambia nimekaa, nitakuwa nimeenda wapi. "Yule mwalimu wako wa ile shule ya Wayahudi ame-pass jana. Na unajua hao watu hawangojangi. Mazishi ni leo saa saba. Nita-ku-pick saa sita, na uvae ile koti nzito, kule makaburini upepo haujui mzee." Nilibaki na mkasi mkononi. Kucha za mguu mmoja zilikuwa zimeshakatwa, za wa pili bado, na hivyo hivyo ndivyo nilivyokwenda kumzika Mora Devora, kidole cha kushoto kikinichoma ndani ya soksi siku nzima. Nikasema moyoni, choma tu, unayo haki.

Kabla Njoroge hajafika nilifungua bahasha ninamoweka karatasi zangu za ukimbizi na za uraia, nikatoa humo karatasi moja isiyo ya serikali. Niieleze mapema nisije nikawazungusha, maana najijua nikianza kusimulia nalala njiani. Ni karatasi iliyochanwa kwenye kaye, yaani daftari kwa ninyi msiokuwa Wakongo, na juu yake kuna herufi ishirini na mbili za Kiyahudi zilizoandikwa kwa penseli na mtoto wa miaka saba aliyeitwa Tali. Tali alikufa mwaka uleule aliponiandikia. Mama yake alizunguka shule nzima akitafuta mwandiko wa mwanawe, nami nilikuwa nao mfukoni, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kutoa karatasi kungeleta maswali ya sanduku, na habari ya sanduku nilikuwa nimeisemea uongo. Miaka kumi na minane. Asubuhi ile mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitaidondosha kaburini kwa mwalimu, udongo uifunike, nirudi nyumbani nimalize kucha.

Mwaka ninaosema nilikuwa nimevuka arobaini. Mtu atasema huo si ujana. Lakini kama ujana ni ule wakati macho yanapofunguka, basi mimi nilikuwa kijana mwaka ule, na kabla yake nilikuwa nimezeeka tu bila sababu. Habari za kwetu na za kambini Tanzania sitazieleza, zimeshaelezwa na watu waliosoma. Mimi shuleni nilikaa miezi minne, mwalimu akahama, madawati yakawa kuni. Nilifika Minnesota nikijua kuweka alama ya kidole na kuchora kitu kilichofanana na E. Njoroge ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampuni ya usafi, Mkenya mwenye simu mbili na kiatu kisichopata vumbi, akanitafutia nafasi ya mchana katika shule moja ya dini ya Kiyahudi, upande wa magharibi wa mji. Nilikuwa nakaa New Hope, napanda basi mbili. Siku ya kwanza alinizungusha jengo lote akinifundisha kama mtu anayemkabidhi mwenzake gari bovu. "Hapa jikoni sinki ni mbili, hii ya nyama, hii ya maziwa. Sponji ya huku isiende huku. Uki-mix, wanaita mkubwa wao wa dini, na mimi ndio nita-explain." Nikamuuliza kwa nini nyama na maziwa vimegombana. "Mzee, usi-ask. Wewe u-clean tu."

Nikasafisha. Lakini masikio huwezi kuyaambia yasisikie. Darasa la kwanza lilikuwa mwisho wa ukumbi, chumba chenye joto la bomba lililokuwa likigonga kama mtu amefungiwa ukutani, viatu vya theluji vimepangwa chini ya dirisha vikidondosha maji ambayo mimi nilikuwa nayafuta kutwa mara nne. Kulinuka sufu iliyolowa, machungwa na rangi za kuchorea. Kwetu, kwa ile miezi minne yangu, darasa lilikuwa mahali pa kunyamaza, fimbo ndiyo iliyosema. Hawa watoto walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, wakiyumba mbele na nyuma, kidole juu ya herufi, na mwalimu alikuwa anatembea kati yao akifurahia kelele ile kama mama anayesikia sufuria ikichemka. Mora ni mwalimu wa kike kwa lugha yao, nami nikadhani kwa muda mrefu kwamba ndilo jina lake. Alikuwa mfupi, mzee tayari, amevaa nywele za bandia za rangi ya kahawia ambazo zilikuwa na umri wa miaka thelathini na uso chini yake ukiwa na sabini. Sweta lake lilijaa vitambaa vya karatasi vya kufutia watoto pua.

Sasa, chini ya dirisha, karibu na vile viatu, palikuwa na sanduku la mbao lenye mfuniko. Wiki yangu ya kwanza Mora Devora aliweka kiganja juu yake akanitazama. "Eliya, hili hapana," akasema kwa Kiingereza cha polepole. Baadaye ndio nilielewa. Karatasi yoyote yenye jina la Mungu, hata zoezi la mtoto lenye kamasi, kwao haitupwi. Ikichakaa au ikiisha kazi inawekwa mle, na sanduku likijaa karatasi hizo huzikwa makaburini, ardhini, kama mtu. Watoto walikuwa wanatumbukiza kazi zao Ijumaa adhuhuri kabla ya kwenda nyumbani, kila mmoja anabusu yake kwanza, wengine wanaibusu mara kumi ili kuchelewesha foleni. Lakini wakati ule wa kwanza nilielewa tu kwamba ni kitu cha mwalimu, nisikiguse. Mtu aliyekaa kambini anaijua amri ya namna hiyo. Anajua pia kwamba amri ya mkubwa zaidi hufuta ya mdogo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwanzoni mwa mwaka wana desturi ya asali. Mtoto anayeanza herufi anawekewa karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, mwalimu anadondosha asali juu ya herufi, mtoto anailamba, ili elimu iingie na utamu. Nilikuja na ndoo kufuta meza zile zinazonata, watoto wako uani, nami nisiseme uongo, nilipitisha kidole kwenye herufi moja nikakilamba. Asali ni asali, na nilikuwa sijala. Nyuma yangu sauti ikasema: "Nimekuona."

Ndiye Tali. Alikuwa amebaki ndani kwa kuwa hakumaliza zoezi. Mtoto mwembamba, meno ya mbele mawili ya juu hayapo, magoti ya soksi yametoboka. "Umelamba herufi gani?" akauliza. Nikamwambia sijui. "Hujui hata moja?" Hata moja. "Na za Kiingereza?" Nazo. Akanitazama kama mtu aliyekuta kitu chake kilichopotea. Maana Tali, nilikuja kujua, alikuwa wa mwisho darasani. Wenzake walikuwa wanasoma mistari, yeye alikuwa anatoka jasho juu ya herufi moja. Nyumbani alikataa kabisa kushika penseli, mama yake akijaribu kumfundisha, yeye alijificha chini ya meza ya chakula. Na hapa mbele yake amesimama mzee mrefu mwenye ndoo asiyejua kitu. "Umeshalamba," akaniambia kwa ukali. "Umeshaanza shule. Huwezi kuacha."

Basi kila siku saa ya kula nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yangu yakifika kwenye masikio, nikimenya chungwa ambalo Mora Devora alinipa, na Tali ananifundisha. Huanza kulia kwenda kushoto. Mimi sikuona ajabu, sikuwa nimezoea upande wowote. Wavulana walikuja kucheka. Mmoja aliitwa Dovi, mnene, mjuaji, baba yake ndiye aliyesomesha nusu ya mji. "Tali amepata mwanafunzi! Atamfundisha makosa matupu!" Tali hata hakugeuka. "Wewe ulikuwa unalia ukitaka kwenda chooni, mpaka juzi." Kisha Dovi akagundua jina langu. Sikukuu yao ya Pasaka kila nyumba humwekea nabii Eliya kikombe cha divai na kumfungulia mlango. "Mista Eliya," akaniuliza, "kila mwaka tunakufungulia mlango. Mbona huji?" Nikamwambia, "Nilikuwa nangoja viza." Mora Devora alicheka mpaka akakaa. Akatoa kitambaa kimoja cha pua za watoto akafuta macho yake.

Kosa moja la Tali nililichukua zima zima. Kwa vile meno hayakuwepo, herufi zake za kupuliza zilipita pembeni. Zayin kwake ilikuwa dhayin, samekh ilikuwa thamekh, na ile ya karibu na mwisho, shin, ilikuwa thin. Mimi nilijuaje? Nikajifunza thin. Siku Mora Devora aliponiita nisome mbele ya darasa zima, kama mchezo, nikazisoma zote ishirini na mbili kwa ule wimbo wao, na watoto wakaanguka chini kwa kicheko. "Anasoma kama Tali! Ana pengo kama Tali!" Tali aliweka mikono kiunoni. "Anathoma vizuri," akasema. Mwalimu alinitazama, nikaona anataka kunisahihisha, kisha hakunisahihisha. Siku hiyo ndiyo Tali aliponiandikia ile karatasi, herufi zote, ulimi nje, penseli ikivunjika mara mbili. Ilimchukua saa nzima. Chini akaandika jina langu. "Ufanye madhoedhi nyumbani," akasema, "na mimi nitakagua."

Alhamisi moja ya Februari Tali aliandika peke yake, bila msaada wa mtu, ule mstari wa maneno sita ambao watoto wao huusema kitandani kabla ya kulala. Mora Devora aliinua karatasi darasa zima lione. Alimpigia mama simu palepale, mbele yetu, na sote tukasikia yule mama akilia kwenye simu. "Nitakuonyesha karatasi yenyewe Ijumaa," mwalimu akamwambia, "kabla haijaingia sandukuni." Tali mwenyewe ndiye aliyeharakisha. Hakungoja Ijumaa. Alitaka kubusu na kutumbukiza kama wenzake waliojua, akaitumbukiza.

Ijumaa asubuhi baba yake alikuwa anamleta. Barabara ilionekana kavu. Ninyi mnaokaa huku mnaijua barafu ile isiyoonekana, ile inayofanana na lami. Gari liliteleza kwenye daraja likageuka. Baba alitoka na mguu uliovunjika. Saa tatu nilikuwa nafuta maji ya viatu chini ya dirisha, nikamwona mkuu wa shule, rabi kijana wa ndevu nyekundu, amesimama mlangoni bila kuingia, na Mora Devora akamtazama, akaendelea kufundisha mpaka mwisho wa ukurasa. Alimaliza ule ukurasa. Watoto wakaumaliza naye kwa sauti yao yote. Sijawahi kusikia tena kelele ya namna ile na sitaki.

Hawakuondoa kiti chake. Mora alikipindua akakiweka juu ya meza, nami nikawa nafuta chini yake kila siku. Wana desturi ya kumsomea marehemu, mistari inayoanza na herufi za jina lake, na jina la Tali kwa maandishi yao lina herufi tatu tu. Watoto kumi na wanne kwa herufi tatu. Waligombana nani achukue ipi, na Dovi, yule mjuaji, akang'ang'ania ya kwanza akasema ni yake, akapiga wenzake, kisha akaingia chini ya meza, palepale chini ya kile kiti, asitoke mpaka jioni. Hakuna aliyemlazimisha. Mimi nilizungusha mopu nikampita.

Nafika sasa pale nisipopapenda. Kabla ya Pasaka Wayahudi huondoa kila kitu chenye chachu. Mkate, biskuti, hata punje iliyoanguka kwenye ufa. Nyumbani hufanya hivyo, na shuleni vilevile. Rabi alileta orodha ndefu, Njoroge akanisomea kwa simu. "Mzee, hapa imeandikwa hivi: popote utakapopata makombo, toa. Usiache kitu. Rabi mwenyewe atapita na tochi." Nilifanya kazi ile kwa bidii kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, kwa kuwa nilitaka watu hawa wajue kwamba mimi nawaheshimu. Ijumaa mchana, watoto na mwalimu wameshaondoka, nikafika chini ya dirisha. Nikainua mfuniko wa sanduku. Kati ya karatasi kulikuwa na biskuti zilizosagika, nusu keki, chembe za chumvi za vile vikaukau vyao vya ngano. Walikuwa wanabusu karatasi midomo ikiwa na chakula, si ni watoto.

Nilisimama. Mwalimu alisema hili hapana. Rabi alisema popote. Rabi ni mkubwa wa mwalimu. Na lori la taka linapita saa nane, na likishapita halirudi kabla ya sikukuu. Ningeweza kumpigia Njoroge. Ningeweza kukung'uta karatasi moja moja, ningemaliza kwa saa mbili. Nilimwaga zote katika mifuko miwili myeusi, nikaifunga, nikaibeba nyuma ya jengo, nikaitupa. Hata ubao wa sanduku niliuvunja nikautupa, kwa sababu punje zilikuwa zimeingia kwenye viungo. Nikapangusa pale mahali mpaka pakang'aa. Nilikuwa natabasamu, nasema ukweli. Nilikuwa nawaza Mora Devora atakavyonisifu.

Sikukuu ilipoisha alikuja mama yake Tali. Alikuwa mwanamke mrefu, kofia ya kufuma imemfunika mpaka nyusi, akakaa kwenye kiti kidogo, kilekile cha kwangu, magoti juu. "Siku thelathini za maombolezo zimepita," akamwambia mwalimu. "Nipe ule mstari. Nitaurudisha uzikwe na zingine, lakini niuone kwanza. Sina kitu kingine alichoandika. Unajua nyumbani alikataa." Mora Devora alikwenda dirishani. Akatazama chini. Akatazama kabatini, nyuma ya mlango, tena dirishani, kana kwamba sanduku ni paka anayeweza kuwa amejificha. Mimi nilikuwa mlangoni na mopu. Ndipo nilipoelewa nilichokitupa.

"Eliya," akasema, "umeliona sanduku?"

Nilikuwa na Kiingereza kidogo mwaka ule, lakini hicho kilitosha. "No, Mora," nikasema.

Hivyo tu. Maneno mawili. Niliogopa kazi, niliogopa Njoroge, niliogopa kwamba karatasi zangu za uraia zitasimama. Sababu ninazo nyingi na zote ni za kweli, hazijanisaidia. Yule mama akasema, "Hata karatasi nyingine yoyote? Hata herufi moja?" Na karatasi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, nimeikalia kila siku kwenye basi, na nyumbani nikiifanyia mazoezi. Niliisikia pale nyuma kama jiko. Nikachovya mopu.

Waliulizana shule nzima. Nilikuwa nafuta ukumbi nje ya ofisi siku rabi alipomwita mwalimu, na mlango wao haukuwa unafunga vizuri. "Labda nililihamisha mimi," Mora Devora akasema. "Nakumbuka nilitaka kulihamisha. Sijui. Sikumbuki." Rabi akamwambia kwa upole, na upole ule ndio mbaya, kwamba hata miwani yake mwezi uliopita ilikutwa kwenye friji. Sekretari akamnong'oneza mwenzake nikiwapita: "Maskini, amechoka. Na ya mtoto yule imemmaliza." Mwenzake akasema, "Heri apumzike kabla hajapoteza mtoto mzima." Wakanyanyua miguu ili nipitishe mopu.

Na unajua alifanya nini, wiki zilizobaki mpaka Juni, kabla ya kustaafishwa? Alinifundisha herufi za Kiingereza. Kile kiti cha Tali kikiwa juu ya meza, saa ya kula, ananigawia nusu ya mkate wake wa mayai, ananishika mkono. "Umepoteza mwalimu wako," akaniambia, "itabidi uvumilie huyu." Nilikula mkate wake na ule uongo ukiwa mdomoni, vyote pamoja. Mkono huu unaoandika haya ni yeye aliyeushika. Siku ya mwisho alibeba vitu vyake katika mfuko mmoja wa dukani, miaka thelathini na moja darasani, akaniaga bila kunishika mkono, kwa kuinamisha kichwa tu, maana siku zile za kunishikisha penseli alikuwa mwalimu, na sasa alikuwa mwanamke wa dini yake. Mimi nilibaki pale miaka tisa zaidi. Wakaleta sanduku jipya, la chuma.

Njoroge alifika saa sita na robo, naye amezeeka, kiatu bado hakina vumbi. Njiani hakusema mengi, ila tulipokaribia aliniuliza, "Mzee, huyu mama ulimpendaje hivyo? Miaka yote unaniuliza habari zake." Nikamwambia alinifundisha kusoma. "Aah," akasema. "Basi hiyo ni deni ya maisha." Nikapapasa karatasi mfukoni.

Upepo ulikuwa kama alivyosema. Watu walikuwa wengi, wanaume wenye ndevu, baadhi nikawaona ni walewale watoto, mmoja mnene mwenye miwani nikadhani ni Dovi. Jeneza lao ni la mbao tupu, bila urembo. Lilipokwisha kushuka wakaleta katoni tatu, wakazishusha polepole kando yake. Njoroge akaninong'oneza, "Ni nini hizo?" Mtu mmoja aliyesimama mbele yetu akageuka akasema, ni karatasi na vitabu vilivyochakaa, ni heshima kubwa kwa mwalimu kuzikwa navyo. Nilishika mkono wa Njoroge. Akadhani ni baridi.

Wakaanza kutia udongo. Kila mtu anatumia mgongo wa koleo kwanza, kuonyesha kwamba kazi hii haitendi kwa furaha, kisha analichomeka ardhini, hampi mwenzake mkononi. Zamu yangu ilipofika nilikuwa tayari na karatasi kwenye kiganja. Nilikuwa nimeikunja ndogo kama kidonge. Nikainama. Na mtu upande wa pili wa kaburi akasema, "Wewe ni Eliya." Alikuwa na kofia ya kufuma, na chini yake nyusi nyeupe.

Ningeweza kuiachia. Vidole tu. Badala yake nikatia udongo mara tatu, nikachomeka koleo, nikazunguka kaburi nikasimama mbele yake, watu wakiwa wanaanza kurudi kwenye magari. Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia makombo, mifuko miwili, lori la saa nane, "No, Mora." Kiingereza changu siku hizi kinatosha kwa mambo yote, hata haya. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza alitazama kaburi, si mimi.

"Kila mwaka," akasema, "kabla ya siku yetu ya kufunga na kutubu, watu huenda kuombana msamaha. Mwaka wa kwanza alikuja mlangoni kwangu. Akasema, nimepoteza mwandiko wa mwanao, nisamehe. Nikamwambia sawa, lakini haikuwa sawa. Mwaka wa pili akaja. Wa tatu nilimwona kwa dirisha, amesimama kwenye mvua na mfuko wa keki, nikazima taa. Hakuja tena." Akavuta pumzi. "Unaelewa umenifanya nini? Nilimzimia taa."

Nikamuuliza kama naweza kuomba msamaha kwa mwalimu sasa. Akasema kwa dini yao huwezekana, unasimama kaburini na wanaume kumi unasema mbele yao. Tukageuka wote wawili. Walikuwa wamebaki wanne, na Njoroge, na kijana wa trekta anayengoja kusawazisha. Magari yalikuwa yanatoka getini moja moja. Hakusema tuwaite. Nami sikuthubutu.

Nikafungua karatasi. Ilikuwa imechakaa mikunjo, penseli imefifia, lakini zote ishirini na mbili zipo. Hakuipokea. Aliiangalia mkononi mwangu mpaka nikadhani hataichukua kabisa. Kisha akauliza, "Alikufundisha yeye? Yeye Tali alimfundisha mtu?"

"Ndiyo, mama. Mimi."

"Soma."

Nikaanza upande wa kulia, kwa ule wimbo wao. Alef, bet, gimel. Sauti yangu ni ya mzee, ilikwaruza. Nilipofika dhayin aliinua uso. Sikujua kwa nini, niliendelea. Mimi miaka yote hiyo sikuwa nimejirekebisha, nilikuwa nasoma peke yangu, nani angenirekebisha. Kwenye thamekh alinishika mkono wa koti. Karibu na mwisho nikasema thin, na yule mama akatoa sauti ambayo sitaiandika, akaninyang'anya karatasi akaikumbatia kifuani, akiwa bado amenishika koti kwa mkono wa pili, amelikaza mpaka kifungo kikakatika.

Nilingoja aseme amenisamehe. Hakusema. Trekta likawashwa, akalipigia kelele lizime.

"Tena," akaniambia. "Kutoka mwanzo. Na usiharakishe."